Leo Bakia

Mlango wa chuma ulifungwa nyuma yake.

Kufuli moja. Kufuli ya pili. Funguo zikazama mfukoni mwa Gelle, mlinzi wa nyumba.

"Karibu, abaayo, dada yangu," Gelle alisema. AK-47 ilimning'inia begani kama kikapu cha sokoni. "Hakuna mtu kutoka humu mbaka kazi kwisha. Haji amesema."

"Hata kwenda kununua maji?"

"Maji iko. Choo iko. Kila kitu iko. Mlango tu ndio hakuna."

Idman alicheka kidogo, cheko la fundi asiye na habari na mtu. 

Jana yake, simu ya kibanda ilikuwa imelia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena. Idman akainua.

"Chanjo ya kesho?"

"Tayari."

"Zizi lina milango mingapi?"

"Mmoja."

"Ingia."

Huyo alikuwa Kinara, mkubwa wake katika Idara ya ujasusi, mtu wa Nyeri asiyepoteza neno. Mwaka ulikuwa wa tisini na sita. Idara ilijua kwamba mabomu ya kutegwa ardhini yamevuka mpaka na kufichwa Garissa. Bohari gani, haikujua. Ilijua pia kwamba yatategwa kwenye barabara ya Dagahaley, kambi ya wakimbizi, msafara wa posho ukanyage. Msafara ungeondoka leo, Alhamisi, saa tisa mchana.

Ndani ya gari la kwanza la msafara huo angekaa muuguzi anayeitwa Ruweyda.

Ruweyda alikuwa dada yake Idman. Tumbo moja.

Kwa hiyo mpango ulikuwa huu. Vijana wa Kinara wamepiga hema kando ya barabara ya Dadaab, njia ya kwenda kambini, wamevaa makoti meupe, wanajiita madaktari wa mifugo. Mwenye mabomu akitoa amri ya kupakia, wao wanafunga barabara na kukamata lori. Lakini amri ilipaswa isikike kwanza. Ili isikike, mtu aingie ndani ya nyumba ya mwenye mabomu, Haji Shirwa, mtaa wa Waberi, ambako hakuna mgeni aliyewahi kupita sebule.

Bahati ilikuja yenyewe. Haji alitafuta fundi wa waya, akasisitiza awe mwanamke. Idara ikampa mmoja: Maryan, Mbajuni wa Lamu, asiyejua Kisomali hata cha kuombea chai.

Huyo Maryan ndiye Idman, na Idman alizaliwa Wajir. Alikunywa Kisomali pamoja na maziwa.

Gelle alimimina mfuko wa Idman sakafuni. Bunda la waya. Koleo zito la kubania vichwa vya waya. Bisibisi tatu. Hab, kisanduku cha kuunganishia kompyuta. Mashine ya mlio, ya kutafutia waya, na kipokezi chake. Simu ya fundi, ile ya rangi ya machungwa yenye vibanio viwili. Kiberiti.

Kiberiti alikirudisha bila kukifungua. Chini ya njiti kumi kulikuwa na sikio: kinasa sauti kidogo kama ukucha, kinachorusha kila neno hadi lojing ya jirani, nyumba ya kulala wageni, alipokaa Kinara na redio yake.

Haji Shirwa alimpokea ofisini, ghorofa ya kwanza. Ndevu nyekundu za hina. Saa ya dhahabu, Seiko.

"Kombuta tatu," alisema. "Moja chini kwa Gelle. Moja huku. Moja juu kwa mgeni wangu. Nataka zisemeshane. Sitaki karatasi kubanda ngazi yangu."

"Nitoboe ukuta upande gani, Haji?"

"Wewe toboa ukuta, mke wangu atatoboa mimi. Waya za zamani ziko. Tumia hizo."

Idman akaomba karatasi, akaanza kuchora. Nyumba ilikuwa lojing kabla Haji hajainunua. Kila chumba kilipewa waya wa simu wakati wa kujenga, umezikwa ndani ya ukuta. Ndani ya kila waya mna nyuzi nne. Simu inakula mbili. Kompyuta inataka zote nne. Hapo ndipo akili ilipotakiwa.

Kwa Gelle hakuna simu: nyuzi nne huru, sawa. Ofisini kuna waya mbili, kwa sababu palikuwa pa meneja: mmoja wa simu, mmoja wa kompyuta, sawa. Juu kwa mgeni kuna waya mmoja na simu juu yake.

"Mgeni wako atapoteza simu," alisema.

"Aboteze. Anayo redio."

Na waya zote, za juu na za chini, zilikutana kwenye sanduku moja ukutani, ghorofa ya pili. Chumba cha kulala cha Amino, mke wa Haji. Mwanamume mwingine hakanyagi pale, awe na koleo au awe na bunduki.

Ndiyo maana walitaka fundi mwanamke.

Gelle alibaki ngazini, kando ya simu ya ukutani, iliyo kwenye laini moja na simu ya Haji. Alimwambia Amino kwa Kisomali, kupitia pazia, kwamba huyu Mbajuni ana miguu ya korongo lakini akinenepeshwa ataolewa. Amino akamjibu kwamba ng'ombe wake mwenyewe wamekonda, aanze nao.

Idman hakupepesa jicho. Alifungua sanduku.

Nyuzi arobaini na kitu, zote kijivu kwa vumbi. Mashine ya mlio alikuwa ameiacha imechomekwa ofisini. Akapitisha kipokezi uzi baada ya uzi, polepole, kama anayetafuta chawa. Kimya. Kimya. Kimya.

Kikapiga mluzi.

Hii hapa laini ya simu ya Haji. Akafungua kiberiti. Sekunde nne, sikio likakaa. Akateremka ofisini, akachukua mashine yake, akarudi, akabana simu ya fundi juu ya laini, akaiweka sikioni kama afanyavyo fundi yeyote.

Saa sita na robo.

Laini ikalia krr, na sauti ya Haji ikaingia.

"Leo bakia."

"Sawa, Haji." Huyo alikuwa dereva wa lori, mtu wa Mwingi, aliyemwendeshea Haji miaka sita.

"Leo bakia. Bas."

Simu ikakatika.

Idman alifumba macho. Amri imetoka. Sikio limeisikia. Imekwisha.

Akapanda ghorofa ya tatu kung'oa simu ya mgeni, Gelle nyuma yake. Mgeni alikuwa mzungu mwembamba mwenye kompyuta ya Toshiba mezani, redio ya Motorola, na ramani ya barabara ya Dagahaley yenye alama za kalamu nyekundu. Bastola aina ya Browning ilikaa juu ya ramani kama jiwe la kuzuia upepo. Hakusalimu.

Nyumba hii ilikuwa ndefu kuliko zote za jirani. Dirishani barabara ya Dadaab ilionekana yote.

Idman akatazama.

Madaktari wa mifugo walikuwa wanang'oa hema.

Mmoja alikunja turubai. Mwingine alipakia kreti ndani ya Land Cruiser nyeupe. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wanaenda nyumbani.



Kinara alisikia. Alisikia neno kama lilivyotamkwa. Leo bakia. Kwa mtu wa Nyeri, hiyo ni baki ulipo, usitoke, safari hakuna. Lakini Haji alikuwa Msomali wa Mandera, na p kinywani mwake haijawahi kufika salama. Dereva alijua, miaka sita alimzoea. Idman alijua, alikua akisikia hivyo.

Leo pakia.

Kupakia ni saa moja na nusu. Saa nane lori litapita mahali pale pasipo na mtu. Saa tisa, Ruweyda.

"Fundi, unaota?" Gelle alisema.

"Nahesabu madirisha."

"Madirisha yana chuma. Hesabu waya."

Akashuka. Ngazi ilionekana imepungua upana. Chini, kufuli mbili. Sikio alilotega kwenye laini linabeba maneno hadi kwa Kinara, ndiyo. Lakini kando ya sanduku ameketi Amino na kikombe cha chai, na Kiswahili anakijua. Neno moja la siri na hatoki humu.

Basi lisiwe la siri.

"Gelle!" aliita kupitia pazia. "Hebu inua hiyo simu ya ngazini. Nipime laini. Mmoja huku, mmoja huko."

Gelle akainua.

"Hallo."

"Sema maneno. Laini yenu inakula herufi. Sema paka."

"Baka."

"Umeona? Papai."

"Babai."

Amino akaguna ndani ya kikombe.

"Taratibu, kaka. Sema pakia. Kama mtu anapakia lori."

"Bakia."

"Hapana, pakia."

"Ndio nasema, bakia! Bakia lori! Wewe ni kiziwi?"

Amino alimwaga chai kwa kicheko. "Ongeza, ongeza," alisema. "Mwambie aseme polisi."

Idman aliisogeza simu karibu na mdomo. Akasema wazi, kama anayemfundisha mtoto:

"Upande wa pili, nisikilize vizuri. Mtu wa nyumba hii akisema bakia, ni pakia. Leo ni pakia. Umenisikia?"

"Nimesikia!" Gelle akafoka. "Wallahi laini haina shida. Shida ni wewe!"

Kisha sauti ya tatu ikaingia kwenye waya.

"Nani anasema mambo ya lori?"

Haji.

Kicheko cha Amino kikakatika.

Nyayo zikapanda ngazi. Pazia likavutwa. Haji alisimama, Seiko ikimeremeta, na hakutazama sanduku. Alimtazama Idman.

"Kwa nini neno hilo?"

"Neno gani, Haji?"

"La lori."

"Nilitaja paka, papai na lori. Bibi yako alikuwa hapa."

Haji akamgeukia mkewe. Amino alikuwa anapangusa chai kwenye leso.

"Alikuwa anamcheka Gelle," alisema kwa Kisomali. "Na wewe ukisema papai nitakucheka."

Haji hakucheka. Aling'oa simu ya fundi kutoka mikononi mwa Idman, akaiweka mfukoni.

"Maliza kombuta," alisema. "Ukimaliza, tutaongea. Mimi na wewe."

Akatoka.

Madirisha ya Amino yalikuwa juu, matundu madogo ya hewa na mwanga tu. Barabara haikuonekana. Sikio lilibeba maneno lakini halikuleta jibu. Hakujua kama Kinara alikuwa bado ameketi mbele ya redio, au ameshaizima na kufunga mkoba. Kilichobaki ni kazi.

Akafanya kazi.

Uzi mweupe na buluu. Mweupe na machungwa. Koleo likabana kichwa. Kak. Kingine. Kak. Akatundika hab yenye matundu manane kando ya sanduku, akachomeka waya wa Gelle. Taa ya kijani. Akachomeka wa ofisi. Taa ya kijani. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro kumi.

Wa tatu mwisho wake ulikuwa juu.

"Napanda kwa mgeni," alisema.

Gelle alimfuata hadi mlangoni, akaishia pale. Bado alikuwa amenuna.

Idman akapiga magoti chini ya meza ya mgeni, kichwa chake usawa wa dirisha. Akachomeka waya. Taa ikawaka.

Akatazama nje.

Hema hakuna. Land Cruiser hakuna. Mbuzi tu, na vumbi.

Na ndani ya vumbi, Isuzu ya bluu, magunia ya mahindi yamefika juu, ikiondoka mjini bila wasiwasi.

Lori likapita mahali hema lilipokuwa. Likaendelea. Mita hamsini. Mia moja.

 Idman alimwona akilini dada yake akipanda gari, akiinua sare isishike matope yasiyokuwepo, kama kawaida yake.

Mita mia mbili.

Land Cruiser nyeupe ikachomoza kutoka kwenye korongo la mto mkavu na kukaa katikati ya barabara.

Ya pili ikatoka nyuma ya lori.

Makoti meupe yakaruka chini, kila koti na bunduki yake.

Idman alipumua kwa mara ya kwanza tangu saa sita.

Motorola ikalipuka mezani kwa sauti ya dereva. "Haji! Haji! Wamenishi—" Ikafa.

Mgeni akatazama redio. Akatazama dirisha. Akatazama mwanamke aliyepiga magoti chini ya meza yake.

Mkono ukaenda kwenye Browning.

Idman alivuta waya kwa nguvu zote. Toshiba ikaruka kutoka mezani, ikamgonga mgeni kwenye goti. Koleo likapanda, likatua juu ya kifundo cha mkono. Kak. Browning ikaanguka. Pigo la pili lilimpata kidevuni, na mgeni akalala juu ya ramani yake.

Gelle akafungua mlango.

Akakuta tundu la bastola.

"Bunduki chini," Idman alisema kwa Kisomali cha Wajir, safi, taratibu.

Rangi ya Gelle ilibadilika.  Alikuwa anakumbuka kila alichosema tangu asubuhi.

"Abaayo... wewe... yale ya korongo..."

"Baadaye. Funguo."

Haji alikuwa anapanda mbio, bastola mkononi, akakutana nao ngazini: Gelle mbele mikono juu, Idman nyuma yake. Akasimama.

"Umeniuza kwa nani?" aliuliza. "Uliongea na nani? Nilikuwa kwenye laini! Nilisikia kila neno!"

"Nilirudia amri yako tu, Haji. Kwa matamshi ya shule."

Chini, mlango ulipigwa kwa kitu kizito. Mara moja. Mara mbili. "Fungua! Serikali!"

Haji alitazama chini, akatazama juu. Nyumba yake ilikuwa na mlango mmoja na madirisha ya chuma. Yeye mwenyewe aliyaweka. Akaketi kwenye ngazi, akaweka bastola kando, taratibu, kama mzee aliyechoka.

Idman akaiokota bastola hiyo, akamwashiria Gelle ashuke na funguo. Kufuli mbili zikafunguka.

Kinara aliingia, shati limelowa jasho.

"Nilikuwa nimeshavua visikizi," alisema. "Nikasikia mtu anacheka. Nikarudi kusikiliza ni nini." Akaelekeza kidole upande wa barabara. "Maboksi kumi na mawili, chini ya mahindi. Nikupeleke?"

"Nitatembea."

Saa tisa na dakika tano Idman alikuwa amesimama kando ya barabara ya Dadaab, mfuko wa fundi begani, vumbi la Waberi kwenye nyusi. Msafara ukapita. Magari kumi na moja. Kwenye la kwanza, mwanamke mwenye sare ya uuguzi alikuwa amelala mdomo wazi, paji la uso likigonga kioo kila gari lilipopanda tuta.

Idman hakupunga mkono.

Alingoja hadi gari la mwisho likawa nukta. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akahamisha mfuko bega la pili, akaondoka kuelekea mjini.