Mwanga wa Upande wa Mlango

Haya yalimkuta dada yangu, tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Atakayesema nimetunga aje aniambie usoni.

Dada anachora katuni kwa kompyuta. Siku hiyo jua liliwaka vizuri, nguo zimeanikwa, mwanawe mchanga nimembeba mgongoni, na dada anatia vivuli kwenye uso aliouchora. Kazi yenyewe inataka utulivu. Unanakili umbo la uso, unalikata kwa mstari uliopinda, sehemu iliyo mbali na taa unaikoleza, kisha unaifungia ndani ya uso isimwagike nje. Lakini kwanza unaamua taa iko wapi. Vivuli vyote vinaitii hiyo.

Uso ulikuwa wa binti yake mkubwa, tuliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Alikufa kwa moto chumbani mwake. Ndugu za marehemu mume wa dada wakasema mshumaa aliuacha dada dirishani, makusudi. Eti kamtoa mwanawe kafara apate kazi ya katuni. Mchawi! Mama aliyezimia kaburini, leo mchawi! Nikikumbuka damu inanichemka. Na siku hiyo walikuwa wanakuja kumchukua huyu mchanga.

"Njoo uone," dada akaninong'oneza.

Alikuwa amemchora Chiriku kitandani kwake, dirisha kulia, mlango kushoto. Taa aliiweka dirishani. Lakini shavu la upande wa dirisha ndilo lililokuwa na giza.

"Umekosea," nikasema.

"Hiki kivuli nakirekebisha tangu asubuhi. Kinahama."

Akakirudisha mbele yangu, akaondoa mkono. Mstari wa kivuli ukajikunja wenyewe. Ukavuka pua taratibu. Ukatulia. Mwanga sasa ulitoka mlangoni, chini kabisa, na kidevu cha mtoto kiling'aa.

Hapo hapo wakaingia: mama mkwe wa dada na shemeji, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji hata hakuketi.

"Leteni mtoto. Damu yetu hailelewi na mchawi."

"Utanikata mikono kwanza!" nikamjibu.

Dada hakupiga kelele. Aliigeuza skrini tu. "Mama, mlisema moto ulitoka dirishani. Mbona mwanangu anaangazwa na mlango?"

Shemeji akacheka, akasogea kulia aone vizuri. Kivuli kikahama. Shavu la kulia likawaka. Akarudi kushoto. Shavu la kushoto likawaka. Hakuna aliyegusa chochote. Kila aliposimama yeye, ndipo palipokuwa na taa.

"Tembea tena," mama mkwe akanong'ona.

Hakutembea.

"Si ulisema siku ile ulikuwa safarini? Mlangoni ulikuwa unafanya nini?" mama mkwe akamuuliza.

"Mama, nilitaka mke wa kaka ahame tu hapa," akasema. "Sikujua kama mtoto yumo."

Sikumsubiri amalize. Nilimrukia na kandambili, mtoto mgongoni na yote. Nilimpiga mpaka ikakatika. Sijutii hata kidogo. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, ameshika miguu ya dada, analia. Mchanga hatukunyang'anywa. Leo anatambaa.

Lakini shemeji yuko mtaani! Tulikwenda polisi, wakatuambia katuni si ushahidi, na mama mkwe alipofika kutoa maelezo shemeji akakana kila neno. Anapita hapa na shati lake jeupe kama si yeye.

Juzi mpiga picha, jirani yetu, akaniita studio kwake. Shemeji alikwenda kupiga picha ya kitambulisho. Jirani amempiga picha mara nyingi, amebadilisha taa, amezima zote akamwachia mwanga wa jua. Kila picha inatoka hivyo hivyo: paji la uso lina giza, kidevu kinang'aa, kama kuna kitu kinawaka miguuni pake. Shemeji kazikataa zote, kaondoka bila kuaga.

"Shika picha hii," mpiga picha akaninong'oneza. "Mwangalie machoni."

Nikaiangalia. Kwenye kila mboni kuna nukta ndogo ya mwanga, rangi ya chungwa. Ni karatasi, nimeishika kwa mikono yangu miwili, na nukta zile zilikuwa zinacheza.