Kengele ya Kumwita Ndama

Kong'.

Mlio mmoja tu, wa kengele ya mti, ulisikika usiku ndani ya boksi la midoli. Ndivyo alivyonisimulia rafiki yangu Wilbard, aliyekuwa akisoma Guangzhou, China, mwaka 2006.

Jioni hiyo alikuwa amekwenda Yide Lu, mtaa wa maduka ya midoli, kuchukua midoli ya choroa, wale wanyama wa jamii ya swala wenye pembe ndefu, iliyoagizwa na hifadhi moja ya wanyama jangwani, kaskazini mwa Kenya. Mkewe, Edina, aliwahi kufanya kazi huko, akilea ndama wa choroa waliofiwa na mama zao. Huko alimpenda askari wa hifadhi. Siku moja askari huyo alitoka na kengele yake kumwita ndama aliyepotea, tufani ya mchanga ikamfunika, asionekane tena. Wilbard alijua yote isipokuwa jina. Edina alikataa kulitaja, na wivu ukamla Wilbard miaka mitatu.

Wilbard alilipasua boksi mbele ya mkewe, katika chumba chao cha ghorofani. Midoli tu, hakuna kengele.

"Umeificha wapi kengele ya bwana wako?"

"Wilbard jamani, wivu hadi kwa marehemu?"

"Basi nitajie jina lake, nipumue."

Kong'. Sasa mlio ulitoka chini, kwenye ngazi. Kong'. Ulikuwa umepanda. Taa ya korido ikazimika, na kengele ikalia mlangoni.

Edina alijifunga khanga vizuri, akainuka upesi kuliko alivyowahi kuinuka kumpokea mumewe. Akashika komeo.

"Usifungue," Wilbard alinong'ona. "Sitaki tena kulijua."

Edina alikuwa akitabasamu gizani. Wilbard alilisikia tabasamu hilo kwenye sauti yake.

"Galgalo," aliita.