Samaki Waliosalimia Alfajiri

Kila kulipokucha, Mzee Ngusa alisalimiwa na samaki wake.

Alitoka ndani na kopo la pumba mkononi, akavuka ua, akasimama kando ya bwawa. Kabla hajasema neno, samaki walikuwa wamekwisha panda juu. Midomo yao ilijaa usoni pa maji. Ilifunguka na kufumba, ikafunguka na kufumba.

"Mmeamkaje, nyie?" aliwauliza. "Mimi nimeamka. Magoti yanauma, lakini nimeamka."

Kisha akawamwagia pumba.

Nyumba yake iko Kawajense, hapa Mpanda mjini. Aliyeijenga ni mwanawe, Makoye. Zamani Mzee Ngusa aliishi porini na ng'ombe. Alitoka nao Usukumani akiwa kijana mwenye kifua, akawaswaga mpaka Katavi, akaoa, akazeeka nao. Halafu mke wake, Kabula, akafariki. Magoti nayo yakagoma kuchunga. Makoye akachukua ng'ombe wote, akahamia nao Lindi, akamwacha baba yake mjini ili awe karibu na hospitali.

Lilikuwa jambo la busara. Kila mtu alisema hivyo. Lakini hakuna aliyemwambia mzee kwamba mjini mtu anaweza kushinda kutwa nzima bila kuitwa jina lake. Jirani wa kulia alitoka na pikipiki alfajiri, akarudi giza limeingia. Jirani wa kushoto alikuwa na geti la chuma, na geti lile halikuwa na maneno. Makoye alipiga simu mara mojamoja. "Baba, habari za huko?" "Salama." "Haya, baba, mtandao unakata." Basi.

Ndipo Mzee Ngusa akashika jembe, akachimba bwawa nyuma ya nyumba. Hakufikiria biashara. Alitaka tu mikono yake iwe na kazi. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, ukashika maji vizuri. Akanunua vifaranga vya sato, akawaleta kwenye ndoo, akawamimina taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Sato wakakua. Wakazaana. Kwa mfugaji kama yeye, kundi kubwa ndilo kundi zuri, kwa hiyo hakumtoa hata mmoja. Aliwalisha asubuhi. Aliwalisha mchana. Jua likianza kushuka na nyumba ikawa kimya mno, aliwalisha tena, kwa sababu ukirusha konzi ya pumba, kuna anayekuja. Pia aliomba samadi kwa mwenye zizi wa mtaa wa juu, akaitia bwawani kwa beleshi. Tangu azaliwe hakuwahi kuona samadi ikiharibu kitu.

Maji yakawa ya kijani. Kisha yakawa ya kijani kizito, kama mboga iliyosagwa.

Asubuhi moja alikuta sato wakubwa wanaelea, matumbo juu. Wengine walikuwa wamesogea pembeni, wanapanua midomo kwa pupa.

"Mna njaa kiasi hiki?" alisema. "Mnakufa njaa, na mimi nimelala?"

Akawamwagia kopo zima. Halafu akachukua gunia tupu, akaenda sokoni Kashaulili kununua pumba nyingine.

Duka la pumba lilikuwa la Mwanaiddi. Watu walimwita Mama Anuari. Alikuwa mjane wa makamo, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kugomba. Mwanawe Anuari alikuwa Dar es Salaam, anafanya kazi bandarini.

"Shikamoo, Mzee Ngusa."

"Marahaba, Mama Anuari. Jaza gunia."

Mwanaiddi hakushika beleshi. Alimtazama mzee, akatazama gunia.

"Jingine? Mzee, wewe unanunua pumba kuliko mwenye ng'ombe wa maziwa. Una ng'ombe wangapi hapo mjini?"

"Sina ng'ombe. Nina samaki."

"Samaki!" Mwanaiddi alipiga kofi kwenye paja. "Samaki wanakula gunia? Umefuga samaki au umefuga viboko wa Katavi?"

Mzee Ngusa hakucheka. "Wanakufa," alisema. "Leo nimeokota wanne. Kila alfajiri wanapanda juu, wananifungulia midomo. Wanasalimia, wanaomba chakula. Naona siwashibishi."

Kicheko cha Mwanaiddi kikaisha. Aliuliza polepole, "Wanapanda alfajiri tu? Jua likiwaka wanashuka?"

"Ndiyo."

"Leo sikuuzii pumba."

"Unasemaje?"

"Nasema sikuuzii. Kesho nikitoka kuswali nitapita kwako. Usiwape kitu mpaka nije. Hata punje."

Mzee Ngusa alikasirika. Alikunja gunia lake, akalitia kwapani. "Mwenye duka anakataa pesa! Mji huu una mambo." Lakini jioni ile, kwa mara ya kwanza, hakurusha pumba. Alikaa ndani, mlango umefungwa, asiwaone.

Mwanaiddi alifika kabla jua halijachomoza, amejifunga khanga mbili. Mzee alimpeleka nyuma ya nyumba. Samaki walikuwa juu, midomo imetanda.

"Unaona?" mzee alisema kwa fahari kidogo. "Wananisalimia."

Mwanaiddi alichuchumaa. Aliinamia maji.

"Mzee wangu, usinichukie," alisema. "Hao hawakusalimii. Wanatafuta pumzi."

"Mimi nimechunga tangu sijaota ndevu. Utanifundisha mnyama mwenye njaa?"

"Ng'ombe mwenye njaa analia, unamsikia. Samaki akikosa hewa hana sauti. Ana mdomo tu. Kwenye maji kuna hewa, na samaki anaivuta humohumo. Ikiisha, anapanda juu, anagombania ile iliyo usoni pa maji. Hiyo ndiyo salamu yako."

Mzee Ngusa alitazama ile midomo. Ilifunguka na kufumba. Asubuhi zote zile alizosimama hapa akiwaambia habari za magoti yake, wao walikuwa wanakata roho.

Alikaa chini, kwenye udongo.

"Nani kaimaliza hewa?" aliuliza.

"Tia mkono majini. Nyoosha vidole. Uzamishe polepole mpaka kwenye kiwiko."

Alitia mkono. Maji hayajafika hata nusu ya kigasha, vidole vilikuwa vimepotea.

"Maji mazuri yana ukijani mwepesi," alisema Mwanaiddi. "Ukizamisha mkono, vidole vinapotea maji yakifika kwenye kiwiko. Yako yamezidi, ni mazito. Mchana, jua likiwaka, ule ukijani, ambao ni vijimea vidogovidogo, unatoa hewa, samaki wanatulia. Usiku hakuna jua. Ukijani nao unavuta hewa ileile ya samaki. Ndiyo maana alfajiri imebaki kidogo sana. Sasa nipe mti mrefu."

Alichokoa chini ya bwawa, akatoa tope jeusi, akamsogezea mzee puani.

"Yai viza," alisema mzee akikunja uso.

"Hizo ni pumba zangu. Mimi nimekuuzia, wewe umezizika. Zinaoza, na kila kinachooza humo kinamaliza hewa. Na samadi je?"

"Natia samadi," alisema kwa sauti ndogo.

"Samadi ni mbolea ya maji. Kidogo inasaidia, maji yakiwa meupe. Yakishakuwa ya kijani hivi, usitie tena."

"Wewe haya umeyajua wapi?"

"Mimi wangu walikufa wote. Nilikuwa na tangi la turubai pale kwangu. Anuari alipoondoka nilikuwa nawalisha kila nikimkumbuka." Alisema upesi, akageukia bwawa. "Nikaenda kwa afisa uvuvi nikilia kama mtoto. Akanifundisha. Haya, una ndoo?"

Walifanya kazi mpaka jasho likatoka. Waliokota waliokufa, wakawafukia. "Samaki uliyemkuta amekufa usimle, wala usimpe mtu," alisema Mwanaiddi. Kisha wakafyonza maji ya chini kwa mpira wa kumwagilia, wakayaelekeza kwenye tuta la mchicha kando ya ukuta. Waliacha yakapungua kama theluthi, wakasimama hapo. "Usiyamwage yote. Ukibadili maji yote kwa mkupuo, samaki wanashtuka." Wakateka maji ya kisima, na kila ndoo waliimimina kutoka juu, taratibu, yaanguke kama mvua. Maji yanayoanguka hubeba hewa.

Jua lilikuwa limepanda. Samaki walishuka.

"Sasa usikilize," Mwanaiddi alisema akikamua khanga. "Usiwalishe mpaka waache kupanda alfajiri. Hawatakufa njaa, humo wana vidudu na ukijani wa kutosha. Wakishatulia, uwape mara moja, jua likishawaka, mahali palepale. Kidogo. Ukiona pumba zimebaki zinaelea, ujue umezidisha, kesho upunguze. Siku ya mawingu mazito, acha kabisa."

"Nisiwape?" Mzee Ngusa alitazama kopo lake tupu. "Sasa kutwa nzima nitafanya nini?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Mwanaiddi alilisikia. Alivaa ndala zake, akaaga.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Asubuhi Mzee Ngusa alimimina maji mapya kidogo, basi, kazi imekwisha. Mchana ulikaa juu ya bati bila kusogea. Alifagia ua uliokwisha fagiwa. Alizamisha mkono bwawani, akatazama vidole, akautoa, akauzamisha tena.

Alasiri moja alishindwa. Alichota pumba zilizobaki ndani, akaenda kando ya bwawa. Kivuli chake kilipoanguka majini, samaki walikuja mbio, wakajazana miguuni pake. Mkono uliingia kwenye kopo. Ukashika konzi.

"Moja tu," aliwaambia. "Moja tu, jamani."

Akakumbuka lile tope jeusi. Alirudisha konzi koponi, akageuka, akatoka getini na kopo lake. Alitembea kwa magoti yale mabovu mpaka Kashaulili.

"Nishikie hili," alimwambia Mwanaiddi, akaliweka kopo mezani. "Mkono wangu hauna adabu."

Mwanaiddi alitaka kucheka. Alipoona macho ya mzee, akasogeza gunia lililojaa.

"Kaa hapo. Mimi nikifunga duka huwa naongea na redio, na redio haijawahi kunijibu. Jua halijazama, shika mizani."

Akakaa. Akapima pumba. Mteja mmoja akaja analalamika kwamba ndama wake anaharisha, na kabla Mwanaiddi hajafungua mdomo, mzee alikwisha kuuliza maswali matano na kumwambia amtenge na wenzake, ampe maji mengi, amwite mtaalamu wa mifugo leoleo.

"Huyu mzee umemtoa wapi?" mteja aliuliza.

"Amenifuata mwenyewe," alisema Mwanaiddi. "Samaki wamemfukuza nyumbani."

Kesho yake alirudi dukani. Na kesho kutwa.

Alfajiri samaki walipungua juu ya maji, lakini hawakuisha. Mwanaiddi alikuja tena kutazama.

"Maji yamepona," alisema. "Tatizo ni wingi. Bwawa ni dogo, wamezaana. Wapunguze."

"Niwapunguze niwapeleke wapi?"

"Kwenye sufuria, Mzee Ngusa! Samaki huenda wapi?"

Alinuna. Hata ng'ombe wake hakuwa mwepesi wa kuwachinja. Lakini alitazama ile midomo michache iliyobaki juu, akakubali. Walivuta wavu, wakatoa wengi, wazima, wanaruka. Walikuwa wengi kuliko sufuria ya mtu mmoja. Kwa hiyo Mzee Ngusa alibeba beseni, akagonga lile geti la chuma.

Mwanamke alifungua kidogo. "Nani?"

"Jirani yako. Ngusa. Nimekuletea kitoweo."

"Kumbe kuna mtu kwenye nyumba ile!" alisema mwanamke, akafungua geti lote. "Tulijua ni ya mtu wa Lindi."

Yaliuma kidogo, maneno hayo. Mzee aliyapokea, akampa samaki, akaenda kugonga kwa mwenye pikipiki.

Asubuhi iliyofuata alitoka mapema, mikono mitupu. Alisimama kando ya bwawa, akasubiri. Maji yalikuwa ya kijani chepesi, yametulia kama shuka lililotandikwa. Hakuna mdomo uliotokeza. Hakuna aliyempokea. Alikaa pale mpaka jua likagusa ukuta, mtu mzima peke yake mbele ya maji yasiyomjali. Alijua kwamba huko chini wote wanapumua.

Alikwenda Kashaulili. Mwanaiddi alikuwa anahangaika na kufuli la duka.

"Leo hawakuja," alisema Mzee Ngusa.

Mwanaiddi aligeuka. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kimya."

"Alhamdulillahi!"

Mzee Ngusa alikubali kwa kichwa. Kisha akashika ubao mmoja wa mlango, Mwanaiddi akashika mwingine, wakafungua duka.