Kijibu cha Somoe

Kijibu kilikuwa kifaa kidogo kama punje ya kunde, nacho kilikaa sikioni mchana kutwa. Katika Dodoma ya miaka hiyo hakuna aliyepekua tena mtandao. Zamani mtu akitafuta jambo aliletewa kurasa tele zinazobishana, akazisoma, akachambua mwenyewe. Kijibu kilizisoma zote kwa kufumba na kufumbua, kikakunong'oneza jibu moja tu. Watu bwana! Wakasahau hata kubishana.

Mhandisi wake, Somoe Nandonde, alisifiwa mno. Mwanzoni kijibu kilipokwama kilisema, "Sijui, waulize wanaojua." Wateja wakanuna, wakakivua. Somoe akalifuta neno hilo, na tangu hapo kijibu hakikukosa la kusema.

Sasa alikuwa hospitalini Masasi, kando ya kitanda cha Asumini, shangazi aliyemlea. Miguu ya shangazi ilikuwa imekakamaa ghafla. Daktari alisema ni sumu ya muhogo mchungu, ulioliwa kabla haujalowekwa vya kutosha.

"Ukame ulitubakizia ule mchungu tu," alieleza Asumini. "Mimi nimezoea mtamu. Nikakiuliza kijibu chako, kikasema kuuloweka usiku mmoja watosha."

"Si ungemwuliza jirani, shangazi? Mwajuma anaujua muhogo huo. Kuuliza si ujinga!"

"Nimwulize Mwajuma, na mwanangu ndiye fundi wa majibu ya nchi nzima? Si angenicheka, akakucheka na wewe?"

Somoe akaivuta shuka, akamfunika miguu.

"Labda nilisikia vibaya," shangazi akaendelea kwa upole. "Masikio ya uzee haya. Nisamehe, mwanangu, nimekutia aibu."

Looo! Somoe angeitikia tu, yangeisha. Alitamani kuitikia, tena sana, lakini moyo ulimsuta.

"Hukusikia vibaya, shangazi. Kilikuwa hakijui. Mimi ndiye niliyekizuia kusema hakijui, ili watu wakipende. Kosa ni langu."

Asumini aliipapasa miguu yake juu ya shuka.

"Haya," akasema mwishowe. "Basi niambie wewe mwenyewe, si hicho kidude. Nitatembea tena?"

Kijibu kikaanza kumnong'oneza Somoe: "Ndiyo, baada ya..." Akakichomoa sikioni.

"Sijui, shangazi," alisema, machozi yakimtoka. "Wallahi, sijui."