Samaki wa Kwenye Bango

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Jumamosi, Seth, mtengeneza filamu, alifungua kabati la projekta mbele ya watu sitini na mkono ukatoka mtupu. Diski ya filamu haikuwamo. Akashika kichwa, akahakikisha kila mtu ameona ameshika kichwa, kisha akatoa simu. Polisi hakuwapigia. Alijirekodi kwanza, akiwatangazia wafuasi wake kwamba matajiri wa Mombasa wameiba ukweli. Aliyewapigia polisi ni Mwanabaraka, mwenyekiti wa kina mama wanaosimamia ukumbi huo wa Mji wa Kale, karibu na Ngome ya Yesu.

Sajini Nyevu Menza alifika saa nne na nusu, kwa miguu, na jua lilikuwa limemharibia siku tayari. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kaloleni, asiyevumilia watu wanaosema vizuri. Seth alisema vizuri sana.

"Afande, mwizi tunaye," alimpokea mlangoni. "Ni huyo mzee. Kifuko cha diski yangu nimekikuta ndani ya ndoo yake saa nne na dakika kumi. Amelifungua kabati usiku. Mtie pingu tumalize."

Mzee mwenyewe, Tsofa, mtunza ukumbi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya vijana wawili waliojipa kazi ya kumlinda. Miaka kumi na tisa alikuwa akifagia ukumbi ule na hapakuwahi kupotea hata kijiko. Tena alikuwa mkazi wa kando ya hori, ule mkono wa bahari wa nyuma ya Shimanzi ambao filamu ilikuwa inauhusu. Bohari la kuoshea mapipa lilikuwa likimwaga mafuta humo, na Alhamisi wakazi wangemfikisha mwenye bohari mahakamani. Filamu ya Seth ndiyo iliyokuwa ushahidi wao.

"Aibe ushahidi wake mwenyewe?" Nyevu aliuliza.

"Amenunuliwa," Seth alisema. "Watu kama hawa hununulika."

Nyevu alimtazama huyo wa "watu kama hawa", viatu vilivyochoka na yote, akamtazama na Seth, aliyevaa shanga za kienyeji alizonunua dukani kwa bei ya wageni.

"Funguo za kabati ni ngapi?"

"Mbili. Wangu haujatoka shingoni. Wa pili anao yeye."

"Na nakala za filamu?"

"Hakuna. Ilikuwa hiyo moja tu."

Alikuwa na simu tatu mezani na kompyuta mbili, na filamu ya kazi ya miaka miwili alikuwa na nakala moja. Nyevu aliandika hilo daftarini na kulipigia mstari.

Mwenye bohari hakuhitaji kutafutwa. Ishak alikuwa barazani tangu saa tatu, kanzu imepigwa pasi, anakunywa kahawa ya mtu mwingine.

"Salaam aleikum, Bwana Ishak. Umefuata nini hapa?"

"Waaleikum salaam. Nimekuja kujiona kwenye sinema, bibi. Huyu mama akanizuia mlangoni."

"Nilimzuia," alisema Mwanabaraka. "Nilikaa hapa tangu saa moja na daftari la majina. Kizingiti hakukivuka."

"Diski huna?"

Ishak alicheka kwa pua. "Mimi niibe filamu ya nini? Mimi nina wakili."

Lilikuwa jambo la kuchukiza kusikia, na Nyevu aliliamini kabisa. Mtu wa namna ile hakuwa na haja ya kupenya dirishani, alizoea kufunguliwa mlango. Akamwacha na kahawa yake, akaingia stoo ya nyuma ya jukwaa.

Ndoo ilikuwa pale pale, tambara la kupigia deki likichuruzika maji. Kifuko kilikuwa juu yake, cha kitambaa. Nyevu alikigeuza. Upande wa chini ulikuwa umelowa. Upande wa juu ulikuwa mkavu kabisa.

"Mzee Tsofa," aliita, "deki umepiga saa ngapi?"

"Saa mbili, mwanangu. Nikarudisha tambara ndooni, nikaenda kupanga viti."

"Basi kifuko kimewekwa juu ya tambara baada ya saa mbili, si usiku. Nani kaingia humu stoo?"

Tsofa alifikiri, maana alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kumtaja mwenzake. Mwanabaraka ndiye aliyejibu. "Bwana Seth. Saa tatu na nusu, alikwenda kutafuta waya wa umeme. Hakurudi na waya wowote. Watu wengine walikuwa hawajaanza kuingia."

"Nilikuwa na haraka," Seth alisema. "Mama huyu ananichukia. Tangu jana."

"Jana kumetokea nini?"

"Si kitu," alisema Mwanabaraka. "Alasiri alipokuwa akibandika bango la filamu hapo ukumbini, nilimuuliza samaki aliyemo hupikwaje, maana mimi simjui. Akabadilika rangi, akasema ana simu ya kupokea."

Nyevu alirudi ukumbini, akasimama mbele ya bango. Uso wa Seth ulichukua nusu yake, hori limesukumwa kwenye kona. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope kwa huzuni kubwa, na mikononi ameshika samaki wawili waliokufa, wanene, wapana kama sahani, wenye magamba makubwa na mistari myeusi ubavuni. Nyevu alikuwa akipara magamba ya samaki kwa mamake tangu ana miaka sita. Alijiona mjinga kwa kutolitazama bango mapema.

"Ngege," alisema. "Bwana Seth, umekwenda horini, kwenye maji ya chumvi, ukaokota ngege. Huyu ni samaki wa maji baridi, wa ziwani. Hapa Mombasa huja kwa katoni, kagandishwa. Huyu hakufa kwa mafuta ya mtu. Amefika horini keshakufa."

Kina mama walianza kucheka, kwanza walioko mbele, halafu ukumbi mzima. Seth alisubiri waache. Hawakuacha.

"Hilo begi la miguu ya kamera, ambalo hujaliachia tangu nifike, lilete."

"Kuna sheria, afande."

"Ipo. Na mashaka niliyo nayo yanatosha kupekua. Lilete."

Diski ilikuwa ndani, imefungwa kwa soksi. Hakuwa na moyo wa kuitupa baharini, umbali wa hatua mia mbili, kwa sababu alijipenda mno.

"Mwezi ujao naenda ng'ambo kupokea tuzo," alisema mwishowe, kwa hasira, kana kwamba wao ndio waliomkosea. "Nairobi wameiona hotelini, wamelia. Hakuna aliyeuliza ni samaki gani. Hapa mngenicheka, na kabla ya adhuhuri kicheko kingekuwa kwenye kila simu."

"Kwa hiyo ukaona bora iibwe. Ukawa shujaa aliyeporwa. Na huko ng'ambo ungeonyesha nini?"

"Nakala ingepatikana."

"Na mzee huyu?"

Seth alimtazama Tsofa kwa mshangao wa kweli. Hilo hakuwa amelifikiria. Nyevu alimtia pingu mwenyewe, na akaikaza tundu moja zaidi.

Hapo Ishak akavuka kizingiti, kwa mara ya kwanza, akipiga makofi taratibu. "Ahsante, bibi. Samaki wa katoni. Alhamisi wakili wangu atasimama dakika tano tu."

Kicheko kikakatika. Watu wa horini walikumbuka wamekuja kwa ajili ya nini. Nyevu naye alikasirika, maana alikuwa amemshika mwongo na kumfurahisha mwovu, na hakupenda kumfurahisha.

"Lakini walikufa," Tsofa alisema.

"Nani?"

"Samaki. Mwezi wa nne, siku tatu. Niliwapiga picha." Alitoa simu yake, kioo kimepasuka. "Nilimwonyesha huyu bwana. Akanambia ni wadogo, hawavutii. Ndiyo akaenda kuleta wakubwa wake."

Nyevu alizichukua picha zile, moja moja. Kila moja ilikuwa na tarehe na saa. Ya mwisho ilionyesha bomba lenyewe, likimwaga, na juu ya ukuta mapipa yenye jina la bohari.

"Umekaa kimya muda wote huu kwa nini, mzee?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Nimeulizwa diski."

Saa sita kasorobo waliunganisha simu ile na projekta. Picha zilitokea kwenye shuka jeupe, zikitetemeka, hazina muziki wala Seth. Vidagaa, kaa waliopakwa mafuta meusi, samaki chaa mmoja mdogo wa kujaa kiganja. Ishak alikuwa ameshatoka nje, anampigia wakili, na sauti yake haikuwa ile ya kahawa.

Mwanabaraka alisogea mpaka mbele, akagusa shuka kwa kidole.

"Hawa," alisema, "hawa nawajua."