Kipulizio Kilichojaa

Konstebo Otema alilala chali kwenye uwanja wa shabaha, nje kidogo ya Kampala, kipulizio cha pumu mkononi. Midomo ilikuwa imegeuka buluu. Jeraha, hakuna. Mbele yake, shabaha ya mtihani wake ilikuwa bado imesimama.

Inspekta Adoch alikibonyeza kipulizio. Kikatoa dawa. Hapo ndipo alipokereka. Mwenye pumu afe na dawa mkononi, inawezekanaje?

Katika mfuko wa shati la marehemu alikuta nusu ya kidonge, imefungwa kwenye kipande cha karatasi ya alama za shabaha.

Siku nne baadaye, Daktari Nafuna, aliyepasua maiti, alikuwa na jibu.

"Damu yake ina propranolol."

"Sumu?"

"Dawa ya moyo. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini. Moyoni kuna vipokezi. Ikivishika, moyo hudunda mbio. Mapafuni kuna vingine. Ikivishika, njia za hewa hupanuka. Kidonge hiki huvikalia vyote."

"Na kipulizio?"

"Dawa yake iliingia, ikakuta viti vimekaliwa."

Karatasi za alama hutunzwa na mtu mmoja tu: Sajenti Oola, mkufunzi wa shabaha, kaka mkubwa wa marehemu. Adoch alimkuta kambini, ameketi na waombolezaji. Akamwita kando.

"Sajenti, unatumia dawa gani ya moyo?"

"Propranolol, afande."

"Ulimpa Otema?"

Oola aliinamisha kichwa. "Nusu alimeza asubuhi ile. Nusu ilikuwa ya akiba."

"Ulijua ana pumu?"

"Mimi ndiye niliyeandika hana, kwenye fomu ya kumwajiri."

"Kwa nini ukampa?"

"Alishaanguka mtihani mara mbili. Ya tatu angefukuzwa kazi, na mama yetu na watoto wake watolewe kambini. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Sisi wa zamani, afande, wote tulimeza nusu kabla ya mtihani ili mikono itulie. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Nilijua pumu ni ya kifua, dawa ni ya moyo. Nimemuua mdogo wangu."

Majuto ni mjukuu, lakini huyu alikuja kaburi halijakauka. Adoch alimwonea huruma, na sheria ilikuwa palepale.

"Nakukamata kwa kusababisha kifo, Sajenti."

Oola akanyoosha mikono ifungwe pingu.

"Alipoanguka nilimkimbilia, afande. Shabaha yake sikuiangalia."

"Niliiangalia mimi. Risasi kumi, zote katikati."

"Basi alifaulu," akasema Oola, ndipo akalia.