Mama Mkwe Si Gunia la Miraa

Bundi, mwendesha bodaboda wa Mikinduri, alipenda vitu viwili vigumu: ugali wa mkewe na pikipiki yake. Pikipiki ilikuwa ile ndefu ya kupanda milima, yenye magurudumu ya meno, na nyuma ilikuwa imechomelewa keria ya chuma. Kila asubuhi alibeba magunia ya miraa kutoka mashambani hadi sokoni. Njia ilikuwa mawe na mitaro mitupu. Ili mzigo usiikalishe pikipiki, aliikaza springi ya nyuma mpaka ikakataa kukazwa tena.

"Hii ni ndume," alijisifu stejini. "Hailali chini!"

Miraa haikulalamika hata siku moja. Aliyelalamika ni mama mkwe.

Makandi, mke wa Bundi, alikuwa amejifungua binti wa pili, mdogo wake Kinya. Kwa desturi, binti huyo alipewa jina la mama yake Makandi, yaani Gladwell. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Bibi mwenye jina alitakiwa awepo, na kwao juu mlimani gari halifiki. Bundi akaenda kumchukua.

Sasa, mama mkwe hamshiki mkwe wake kiunoni. Hiyo ni aibu. Kwa hiyo Gladwell alikaa nyuma kabisa, akashika chuma cha keria, akatazama pembeni kwa heshima. Walipofika kwenye mtaro mkubwa, ndume ilipiga teke. Gladwell akaruka juu. Kitambaa chake cha kichwa kikabaki kwenye tawi la mparachichi. Yeye mwenyewe akatua kwenye majani ya ng'ombe, mzima, lakini amekasirika kweli kweli.

"Mwambie Makandi nitamwona mtoto akishajua kutembea," alisema. "Atakuja yeye kwangu."

Akarudi kwake kwa miguu. Bundi alikitoa kitambaa mtini, akarudi nyumbani na hicho tu.

"Umeniletea kitambaa?" Makandi aliuliza. "Tutabatiza kitambaa?"

Bundi alimkabidhi kile kitambaa. Aliona haya mpaka chai ikamshinda. Bila bibi hakuna ubatizo, na bila ubatizo angeitwaje mkwe?

Makandi akamfunga mtoto mgongoni. "Twende kwa Kaari. Kuuliza si ujinga, Baba Kinya."

Kaari alikuwa fundi wa pikipiki na jirani yao. Alikuwa na sauti kubwa, na kazi yake aliisifu mwenyewe bila kungoja mtu. Walipomweleza jinsi mama mkwe alivyorushwa, aliinama, akaitazama springi, akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Umekaza hii kitu mpaka mwisho! Nani alikudanganya?"

"Nilitaka iwe na nguvu, fundi."

"Kukaza si kuongeza nguvu. Springi ikikosa nafasi ya kushuka, shimo lote linaenda kwa mgongo wa abiria. Miraa haina mgongo. Mama yako anao. Lakini usilegeze ovyo pia, maana itagonga chini. Springi inataka kujua itabeba nani. Mama ana kilo ngapi?"

Bundi alitazama huku na huku. "Kai! Fundi, mimi hata macho simwangalii. Nitamuuliza kilo?"

"Basi tumtengeneze," alisema Kaari.

Wakaleta gunia la mahindi. Makandi alilipima kwa macho. "Toa debe moja," alisema. Akafikiri tena. "Rudisha gorogoro mbili. Alikuwa kwa harusi juzi." Gunia lilikuwa limetoboka juu, kwa hiyo alilifunga kwa kile kitambaa cha mama yake.

Kaari aliinua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia. Akapima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi alama kwenye madigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Kisha pikipiki ikashushwa, gunia likafungwa kwenye keria, Bundi akaketi mbele, miguu juu, Makandi akashika usukani. Kaari akapima tena.

"Unaona? Haijashuka hata kidogo. Mkishakaa, inatakiwa ishuke kama theluthi ya nafasi yake yote ya kushuka. Inayobaki ndiyo ya kumeza mashimo."

Alilegeza ringi ya springi kwa spana, wakapima, akalegeza tena, mpaka kamba ikakubali. Kisha akakandamiza kiti na kukiachia. Kikaruka.

"Hapa kuna skrubu ndogo ya kupunguza mbio za kurudi," alisema, akiigeuza kidogo kidogo. "Irudi kama mtu anayeinuka kutoka kwa maombi, si kama aliyekalia siafu." Mwishowe akatoa upepo kiasi kwenye magurudumu, maana nayo yalikuwa magumu kama mawe. "Jaribu na gunia kwanza. Mama baadaye."

Bundi akapanda mlima. Kwenye mtaro mkubwa pikipiki ilizama, ikainuka polepole, na gunia halikutikisika. Bundi akapiga kelele za furaha. Alipokata kona, akamkuta Gladwell amesimama njiani na jembe.

"Muuga, Mama," alimsalimu, akiangalia chini.

Gladwell alisogelea pikipiki. Alikuwa akitazama kitambaa chake.

"Bundi. Ni nani huyo umembeba?"

Bundi alitafuta uongo, akaukosa. "Ni... ni wewe, Mama."

Gladwell alilizunguka gunia taratibu. "Mbona nimenona hivi?"

"Tulitoa debe, Mama. Makandi ndiye aliyerudisha gorogoro mbili."

Gladwell aliliminya gunia kiunoni. Halafu akacheka mpaka akaegemea jembe.

"Mshushe huyo," alisema. "Atalindwa na majirani. Nipe kitambaa changu, nikaoge, tuende kwa mjukuu wangu."

Bundi aliendesha kwa uangalifu kuliko siku zote. Mtaro ulipokaribia, aliomba kimoyomoyo. Hakusikia mtu akipiga kelele nyuma. Akatupa jicho kwenye kioo. Gladwell alikuwa ameachia chuma, anafunga kitambaa chake kwa mikono miwili.

"Mtaro ukifika uniambie nishike," alisema.

"Tumeshaupita, Mama."